Zebaki itapita mbele ya jua 2032, Kaisho ijiandae sasa

Juni 6, 2012, jua lilichomoza juu ya vilima vya Kaisho, wilayani Kyerwa mkoani Kagera, likiwa na doa jeusi la mviringo. Ilikuwa Jumatano, msimu wa kuchuma kahawa, saa ambayo watu huwa njiani kwenda vibanjani. Jua lilipojitokeza kaskazini mashariki, upande wa Missenyi na Uganda, karibu saa 12:50 asubuhi, doa lile lilikuwa limeshasogea kuelekea ukingoni. Ilipokaribia saa 1:50 lilikuwa limetoka kabisa.

Doa hilo lilikuwa sayari ya Zuhura, ileile ambayo wakulima wa Kyerwa huiona iking'aa alfajiri kabla hapajapambazuka, au jioni jua likishatua. Usiku ule ilikuwa imeingia kati ya Dunia na jua. Wakazi wa Asia ya Mashariki na visiwa vya Pasifiki walipata saa zaidi ya sita za kuitazama ikikatiza. Kagera ilipata saa moja tu ya mwisho.

Saa moja hiyo ilihitaji mtu awe amejulishwa mapema na awe na kifaa mkononi. Mkulima aliyenyanyua kichwa bila kichujio aliona mwanga unaoumiza macho, akaendelea na safari yake. Mpito wa Zuhura hautarudi hadi Desemba 2117.

Ipo sayari nyingine, na tarehe yake iko karibu. Jumamosi ya Novemba 13, 2032, Zebaki itapita mbele ya jua, na safari hii Kaisho haitaachiwa mkia wa tukio. Italiona lote, tangu sayari inapogusa ukingo wa jua hadi inapotoka upande wa pili.

Swali ni nani atakayeliona, na kwa kifaa gani. Hapo ndipo maoni yanapogawanyika. Wapo wanaosema watoto wafungiwe ndani jua linapokuwa na jambo, na wapo wanaosema shule isiyo na maabara haina haja ya kuhangaika na sayari. Wengine, hasa walimu wa sayansi, wanaona hii ni siku ya kufundishia ambayo hakuna bajeti inayoweza kuinunua.

Kinachotokea angani

Zebaki na Zuhura ndizo sayari pekee zinazolizunguka jua zikiwa ndani ya njia ya Dunia. Kwa hiyo ndizo pekee zinazoweza kutupita kwa mbele na kuingia kati yetu na jua. Zebaki humaliza mzunguko wake kwa siku 88, Zuhura kwa siku 225. Zebaki, kwa mbio zake, hutupita upande huo wa ndani kila baada ya siku 116 hivi.

Mbona basi hatuoni mpito kila baada ya miezi minne? Sababu ni kwamba njia za sayari hizi zimeinama kidogo zikilinganishwa na njia ya Dunia. Ya Zebaki imeinama digrii 7, ya Zuhura digrii 3.4. Mara nyingi sayari hupita juu ya jua au chini yake, nasi hatuoni kitu.

Mpito hutokea pale tu sayari inapotupita wakati huohuo inapokata usawa wa njia yetu. Kwa Zebaki hilo huangukia Mei au Novemba, mara 13 au 14 katika miaka 100. Kwa Zuhura huangukia Juni au Desemba. Mipito ya Zuhura huja miwili, ukiachana na mwenzake kwa miaka 8, kisha hupita zaidi ya karne nzima.

Kagera ilipata mpito mzima wa Zuhura Juni 8, 2004, kuanzia saa 2:13 asubuhi hadi saa 8:26 mchana. Ilikuwa Jumanne, kiangazi. Zebaki nayo ilipita Mei 9, 2016 kuanzia saa 8:12 mchana, ikapita tena Novemba 11, 2019 kuanzia saa 9:35 alasiri. Mara zote mbili jua lilitua hapa kwetu kabla sayari haijamaliza safari.

Ya 2032 itaanza saa 3:41 asubuhi. Katikati yake ni saa 5:54, na itakwisha saa 8:07 mchana. Siku hiyo jua la Kaisho litafika kileleni karibu saa 6:40, likiwa karibu na utosi. Hakuna kilima wala mgomba utakaoziba. Kwa mtazamaji wa mpito, ni vigumu kuomba saa nzuri kuliko hizo.

> Saa 3:41 asubuhi hadi saa 8:07 mchana: Kaisho itaona mpito wote wa Novemba 13, 2032.

Swali la Rumanika

Watu wa nchi hii hawakuanza jana kuliulizia jua. Novemba 1861 msafara wa Waingereza John Hanning Speke na James Augustus Grant uliingia Karagwe ukitokea kusini, ukapokelewa na Omukama Rumanika, mtawala wa Karagwe. Wapagazi na askari wake wengi walikuwa wameandikwa Zanzibar, na Sidi Mubarak Bombay alikuwa miongoni mwa wakuu wao. Speke alibeba saa za kupimia na chombo cha kupimia kimo cha jua na nyota, kwa kuwa bila hivyo asingejua yuko wapi kwenye ramani.

Katika kitabu cha safari yake Speke ameandika kwamba Rumanika alimuuliza kama jua linaloonekana leo ndilo lile la jana, au kila siku huja jua jipya. Ameandika pia kwamba mwezi ulipopatwa kwa sehemu, Desemba mwaka huohuo, watu wa msafara wake walizunguka usiku wakiimba na kupiga masufuria ili usimezwe wote.

Nimelisoma tukio hilo la masufuria nikiwafikiria wapagazi wale, mbali na pwani, na nikaona kwamba kelele ndiyo njia pekee waliyokuwa nayo ya kufanya jambo. Lakini linaloniganda zaidi ni swali la Rumanika. Ni swali la mtu aliyeketi akafikiri, akaona kwamba kuchomoza na kutua hakutoshi kuthibitisha kwamba kinachorudi ni kilekile.

Novemba 12, 1861, siku chache kabla Speke hajafika mbele ya Rumanika, Zebaki ilipita mbele ya jua. Ilikuwa asubuhi kwa saa za huku, jua likiwa limeshapanda juu ya Karagwe. Sehemu ya jibu la Omukama ilikuwa inapita juu ya mji wake. Jua ni moja, liko mbali sana, na zipo dunia nyingine zinazolizunguka kwa ratiba isiyokosea. Rumanika alikuwa na swali, ila hakuwa na darubini.

Novemba 2032 zitakuwa zimetimia miaka 171 tangu asubuhi ile. Kaisho haina sababu ya kukosa kifaa tena.

Jua lilivyopimwa umbali

Mpito wa sayari uliwahi kuwa kazi kubwa ya sayansi duniani. Johannes Kepler ndiye aliyepiga hesabu ya mipito ya mwaka 1631, akafa 1630 bila kuiona. Pierre Gassendi akiwa Paris aliiona Zebaki ikipita Novemba 7, 1631, na akashangaa jinsi ilivyokuwa ndogo. Zuhura ilionwa kwa mara ya kwanza mwaka 1639 na Waingereza wawili, Jeremiah Horrocks na rafiki yake William Crabtree.

Mwaka 1677 kijana wa karibu miaka 21, Edmond Halley, aliutazama mpito wa Zebaki akiwa kisiwa cha St Helena, magharibi ya Afrika. Hapo ndipo alipopata wazo. Nyoosha kidole mbele ya uso, fumba jicho moja, kisha fumba jingine: kidole kinaonekana kuhama. Vivyo hivyo watu wawili waliosimama mbali mbali duniani, mmoja kaskazini na mwingine kusini, wataiona sayari ikipita kwenye mistari miwili tofauti kidogo juu ya jua. Ukiujua umbali kati ya watazamaji hao, na ukapima muda wa mpito kila upande, hesabu inakupa umbali wa jua.

Halley alijua kwamba atakuwa amekufa kabla ya mpito wa Zuhura wa 1761. Alichapisha ushauri wake mwaka 1716 akiwasihi watakaokuwa hai waende wakapime. Walikwenda. Charles Mason na Jeremiah Dixon walipimia Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika. Padri Alexandre Pingré alikwenda kisiwa cha Rodrigues, katika bahari hii yetu ya Hindi.

Mfaransa Guillaume Le Gentil alikuwa na safari ngumu kuliko wote. Mwaka 1761 alielekea Pondicherry, India, lakini vita vilimzuia kushuka. Siku ya mpito ilimkuta baharini, mbingu iko wazi, meli ikiyumba, naye hawezi kupima kitu. Akaamua asirudi nyumbani. Alibaki Bahari ya Hindi miaka minane, akipima pwani za Madagaska na visiwa vyake, akisubiri mpito wa Juni 1769. Siku ilipofika yuko Pondicherry, chombo kimefungwa, mawingu yakafunika jua. Aliporudi Ufaransa alikuta ameshahesabiwa kuwa marehemu.

Kutokana na kazi ya watu hao, na ya waliofuata mwaka 1874 na 1882, wanadamu walikaribia kuujua umbali wa jua. Leo tunajua ni takriban kilomita milioni 149.6, nambari ambayo mwanafunzi wa Kaisho hutakiwa kuikariri. Wachache huambiwa ilivyopatikana.

Na njia hiyo haijazeeka. Chombo cha Kepler, kilichorushwa na Marekani mwaka 2009, kilitafuta sayari za nyota nyingine kwa kungoja mwanga wa nyota upungue kidogo sayari inapopita mbele yake. Maelfu ya sayari za mbali zimegunduliwa kwa mpito. Mwanafunzi atakayeiona Zebaki 2032 atakuwa ameona kwa macho yake jambo lilelile ambalo vyombo vya aina hiyo hulitafuta.

Macho ya watoto

Turudi kwenye hofu, kwa sababu hofu hii ina haki yake. Mzazi anayetaka mwanawe afungiwe darasani hakosei kuhusu hatari. Jicho lina lenzi, na lenzi hukusanya mwanga wa jua kwenye nukta moja nyuma ya jicho, mahali panapotuwezesha kusoma na kutambua uso wa mtu. Mahali hapo hapana mishipa ya maumivu. Mtoto anaweza kujiunguza bila kusikia chochote, kisha saa chache baadaye akaona giza katikati ya kila anachokitazama. Madhara hayo yanaweza kudumu maisha yote.

Vitu ambavyo watu wetu huvitumia jua linapopatwa vinaongeza hatari. Filamu ya eksirei, kioo kilichofukizwa moshi, sidii, miwani ya kawaida ya jua na beseni la maji, vyote hivyo havifai. Vinapunguza ukali wa mwanga, jicho likatulia na kufunguka zaidi, huku miali isiyoonekana ikiendelea kupenya. Kinachofaa kwa jicho tupu ni miwani maalumu ya kutazamia jua yenye alama ya kiwango cha ISO 12312-2, au kioo cha fundi wa kuchomelea cha namba 14. Namba ndogo kuliko hiyo haitoshi.

Lakini kuwafungia watoto ndani nako kuna gharama zake. Mtoto aliyeambiwa tu kwamba nje kuna hatari atachungulia dirishani, na atachungulia bila kinga wala mtu wa kumwelekeza. Atabaki pia na fundisho kwamba jua likifanya jambo la ajabu, kazi ya mwenye akili ni kujificha. Mimi nasimama na walimu wanaotaka kuwatoa watoto nje, kwa sharti kwamba mwalimu awe amejifunza kwanza na awe na kifaa sahihi.

Tanzania imeshaona kwamba inawezekana. Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa kwa umbo la pete, watu walikusanyika Rujewa, wilayani Mbarali, kulitazama. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambaye kwa miaka mingi amewaeleza Watanzania mambo ya anga, alikuwa miongoni mwa walioelimisha umma kuhusu tukio hilo na namna ya kulinda macho. Nchini Kenya, Susan Murabana amekuwa akizunguka na darubini mashuleni kupitia mradi wake wa The Travelling Telescope.

> Mtoto aliyefungiwa ndani atachungulia dirishani, tena bila kinga wala mtu wa kumwelekeza.

Miwani peke yake haitatosha

Hapa pana jambo ambalo lazima lielezwe mapema, kwa sababu litawavunja moyo wengi siku ikifika. Mwaka 2012 Zuhura ilikuwa na upana wa sehemu moja ya 33 ya upana wa jua. Mtu mwenye macho mazuri na miwani sahihi aliweza kuiona. Zebaki ni ndogo, kipenyo chake ni kilomita 4,879 tu, na mwaka 2032 itakuwa mbali nasi kwa kilomita milioni 100 hivi. Itaonekana na upana wa sehemu moja ya 194 ya jua.

Jicho la mwanadamu halifiki huko. Ukivaa miwani ya kupatwa kwa jua utaliona jua zima, safi, na Zebaki hutaiona. Kitundu cha sindano kwenye boksi, ambacho huonyesha vizuri jua linapopatwa, nacho hakitaonyesha kitu. Lazima pawe na lenzi ya kukuza.

Ndiyo maana hoja ya maabara ni nzito. Mzazi anayeuliza kwa nini shule inunue darubini wakati darasa halina madawati ya kutosha anauliza swali la haki, na sitamjibu kwa maneno matamu. Namjibu kwa kazi ya kifaa chenyewe.

Kinachohitajika si darubini kubwa ya kwenye jengo maalumu. Darubini ya kawaida ya macho mawili inatosha, ya aina ambayo waongoza watalii hutumia kuangalia ndege na wanyama. Mwaka 2019 pori la akiba la Ibanda lililo wilayani Kyerwa lilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Ibanda-Kyerwa, na jirani yake Karagwe ikapata ya Rumanyika. Vifaa vya namna hii vina kazi katika wilaya hizi mwaka mzima.

Shuleni navyo havitakaa kabatini kusubiri siku moja. Darubini hiyohiyo usiku huonyesha mashimo na milima ya mwezi, na mkono ukitulia huonyesha miezi minne ya Mshtarii. Jiografia ya kidato cha kwanza hufundisha mfumo wa jua, na kwa miaka mingi Fizikia ya kidato cha nne imekuwa na mada ya elimu ya anga. Mada hizo hufundishwa kwa mchoro ubaoni, na mtoto humaliza shule akiwa hajawahi kuiona hata sayari moja akiwa na mwalimu kando yake.

Kuna wanaosema haya yote yataonekana kwenye simu. Ni kweli, picha zitakuwepo, tena nzuri kuliko tutakazozipata Kaisho. Lakini picha ya simu imeshapimwa na mtu mwingine. Mwanafunzi anayeandika mwenyewe kwenye daftari kwamba saa 3:50 nukta ilikuwa hapa na saa 5:54 ilikuwa pale, amepima mwendo wa sayari. Anaweza kukokotoa kasi yake kwa hesabu ya kidato cha pili.

Namna ya kuitazama

Kazi yenyewe hufanywa jua likiwa mgongoni. Hakuna anayeweka jicho kwenye darubini, hata mara moja, hata kwa sekunde. Wala mtu asivae miwani ya jua kisha akachungulia kwenye darubini, kwa maana mwanga uliokusanywa na lenzi utaunguza miwani na jicho pamoja.

Darubini hufungwa imara kwenye stendi ya miguu mitatu. Kama stendi haipo, hufungwa kwa mipira ya baiskeli juu ya kigoda kilichowekwa mezani. Lenzi moja ya mbele hufunikwa kwa kifuniko chake ili mwanga upite upande mmoja tu. Kadibodi iliyotobolewa huvishwa upande wa mbele ili itie kivuli kwenye karatasi.

Kulitafuta jua hakufanywi kwa kuchungulia. Mwalimu hutazama kivuli cha darubini chini, akaigeuza polepole mpaka kivuli kiwe kidogo kabisa. Ghafla duara la mwanga huangukia kwenye karatasi nyeupe. Karatasi husogezwa mbele na nyuma, kirekebisho cha darubini huzungushwa, mpaka ukingo wa duara ukate vizuri.

Duara likiwa na upana wa sentimita 10, Zebaki itakuwa nukta ya nusu milimita. Ni ndogo, lakini ni nyeusi kabisa na ya mviringo kamili. Huenda jua likawa pia na madoa yake lenyewe siku hiyo. Mwanafunzi atayatofautisha kirahisi: madoa ya jua yana kingo za kijivu zisizo sawa, na hayaonekani kuhama kwa saa moja. Zebaki itahama.

Duara lenyewe litatoroka karatasini kila baada ya dakika chache, kwa kuwa Dunia inazunguka. Darubini itabidi isogezwe mara kwa mara. Kila baada ya muda mfupi ifunikwe ipoe, maana joto la jua linaweza kuharibu gundi na vioo vya ndani. Na mtu mzima mmoja asimame palepale wakati wote, kazi yake ikiwa moja tu: mtoto yeyote asiinamie darubini.

Haya yote yanaweza kufanyiwa mazoezi kesho. Jua lipo na madoa yake yapo. Shule itakayojifunza kuyatupia karatasini madoa ya jua itakuwa tayari kwa Zebaki. Mei 21, 2031 jua litapatwa kwa umbo la pete kusini mwa Tanzania, na Kagera italiona likipatwa kwa sehemu. Hiyo ndiyo siku ya kujipima kabla ya siku yenyewe.

Mwezi wa senene

Limebaki la mawingu. Novemba kwa Kagera ni mwezi wa mvua na wa senene. Mipito ya Zuhura ya 2004 na 2012 iliangukia kiangazi cha Juni, huu wa Zebaki utatukuta katikati ya vuli ya huku. Yaliyomkuta Le Gentil yanaweza kutukuta.

Faraja ni urefu wa tukio. Mpito wa 2032 utachukua saa 4 na dakika 26. Mvua za huku mara nyingi huacha mianya ya jua, na mwanya wa dakika kumi unatosha darasa zima kupita mbele ya karatasi. Shule moja ikifunikwa Kaisho, nyingine inaweza kuwa na jua Nkwenda, Mabira au Murongo. Ndiyo sababu kifaa kimoja makao makuu ya wilaya hakitoshi. Viwe vingi, vitawanywe kwenye kata, na redio za kijamii za Karagwe na Kyerwa ziwaunganishe watazamaji siku hiyo.

Ng'ambo ya mpaka wa Murongo, Uganda, kipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, karibu zaidi na Kaisho kuliko chuo kikuu chochote cha Dar es Salaam. Wanafunzi wa pande mbili za mto Kagera wataiona Zebaki ileile kwa saa ileile. Halmashauri ikiandika barua mapema, mafunzo ya walimu yanaweza kufanyika pamoja.

Zebaki itapita tena Novemba 7, 2039, nasi tutaiona pia, ila kwa saa tatu tu. Mtoto aliyezaliwa Kaisho asubuhi ile ya Zuhura ya 2012 atakuwa na miaka 20 mwaka 2032. Huenda atakuwa chuo cha ualimu, au ameshaanza kufundisha.

Siku hiyo ni Jumamosi, shule hazitakuwa na vipindi, kwa hiyo hakuna atakayetoka nje ila kwa kuitwa. Mwalimu mkuu unayesoma haya, mwenyekiti wa kamati ya shule, diwani wa Kaisho, andikeni tarehe hiyo kwenye mpango wa maendeleo wa shule mwaka huu: darubini moja ya macho mawili, stendi moja, na mwalimu mmoja wa Fizikia atakayejifunza kuitumia.